Likizo ya Mafia: Panga kwa Kalenda ya Bahari

Wengi wetu tukipanga likizo ya kisiwani huanza na bei ya chumba, tukaja kwenye nauli, tukamaliza na ruhusa ya kazini. Bahari tunaikuta tukishafika. Ndiyo maana kuna watu wanaotua Mafia mwezi wa Aprili, mvua ikawafungia ndani siku zote walizolipia. Wengine huamka asubuhi na taulo begani, wakakuta maji yamekupwa na mbele yao kuna tope na mikoko tu. Kisiwa hakijawakosea. Mafia ina ratiba yake, na ratiba hiyo huendeshwa na pepo na mwezi. Anayeisoma kabla ya kulipa chochote hupata likizo nzuri zaidi kwa fedha zile zile.

Mwongozo huu ni kwa familia au kundi la marafiki kutoka bara wanaotaka kukaa kisiwani siku nne au tano. Utafuate kwa mpangilio wake: msimu kwanza, siku za mwezi pili, halafu usafiri, malazi na shughuli.

Ijue Mafia kabla ya kuichagua

Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani. Haiko chini ya Zanzibar, ingawa wengi hudhani hivyo. Iko mkabala na delta ya Mto Rufiji, kusini mwa Dar es Salaam. Kisiwa kikuu kina urefu wa kama kilomita 50. Mji mkuu ni Kilindoni, upande wa magharibi unaotazama bara. Upande wa kusini mashariki kuna kijiji cha Utende, na mbele yake Ghuba ya Chole, iliyokingwa na visiwa vya Chole, Juani na Jibondo. Mwaka 1995 eneo hilo la kusini, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 822, lilifanywa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia. Ilikuwa hifadhi ya kwanza ya aina hiyo Tanzania.

Jambo moja liwe wazi mapema. Kama ndoto yako ni ufukwe mrefu mweupe wenye hoteli bega kwa bega, muziki wa usiku na maduka ya kutembelea, nenda Nungwi au Kendwa kule Unguja, au Diani kwa walio Kenya. Mafia hutaridhika nayo. Utende ina mikoko ufukweni, na usiku watu hulala mapema. Utajiri wa Mafia uko ndani ya maji na kwenye visiwa vidogo: matumbawe, papa potwe, kasa, magofu ya miji ya kale, na vijiji ambavyo bado vinaishi kwa tanga na nyavu. Anayevitaka hivi hatapata mahali pazuri zaidi katika pwani yetu.

Kwanza, chagua msimu

Mwaka wa Mafia una vipindi vinne, na kila kimoja kina neema na karaha zake.

*Masika, kuanzia mwisho wa Machi hadi Mei.* Usiende. Mvua ni nzito, bahari huchafuka, na hoteli kadhaa za Utende hufunga Aprili na Mei. Pasaka mara nyingi huangukia humo, hivyo likizo hiyo itafutie mahali pengine. Tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilitua hapo hapo Mafia. Vimbunga ni nadra katika latitudo zetu, lakini hicho kimetufundisha kwamba mwisho wa masika si wakati wa kujaribu bahati baharini.

*Kusi, Juni hadi Septemba.* Upepo hutoka kusini, hewa ni ya ubaridi, usiku utahitaji shuka zito. Julai na Agosti upepo huwa mkali na bahari ya nje hupanda, lakini ndani ya Ghuba ya Chole bado mtu anaweza kuogelea na kutazama matumbawe, kwa sababu visiwa vile vitatu huvunja nguvu ya mawimbi. Huu ndio wakati wa kasa. Kasa wa kijani hutaga kwenye fukwe za mashariki za Kisiwa cha Juani, na makinda huanguliwa kwa wingi miezi hii. Shirika la Sea Sense, linalofanya kazi ya kuwalinda pamoja na wanavijiji, hujua kiota kipi kinakaribia siku yake na huruhusu wageni kushuhudia.

*Mwisho wa kusi hadi vuli, Oktoba na Novemba.* Upepo hulegea, maji hutulia na kuwa maangavu. Papa potwe huanza kuonekana karibu na Kilindoni. Mvua za vuli huja na kupita, nyingi zake ni za saa chache. Kwa mtu asiyefungwa na ratiba ya shule, hiki ndicho kipindi bora kuliko vyote.

*Kaskazi, Desemba hadi katikati ya Machi.* Joto kali, upepo wa kaskazini mashariki, maji ya uvuguvugu. Potwe wapo kwa wingi hadi Februari. Wapiga mbizi hupenda kipindi hiki kwa sababu miamba ya nje ya ghuba hufikika.

Wazazi wenye watoto shuleni wana bahati hapa. Likizo ya Juni inakutana na kasa, na likizo ya Desemba inakutana na potwe. Chagua mnyama mmoja kati ya hao wawili, na mwezi wako utakuwa umejichagua wenyewe.

Pili, soma mwezi

Hili ndilo jambo ambalo wageni wengi hulisahau, na ndilo linaloamua kila siku yako itakwendaje. Pwani ya Afrika Mashariki ina tofauti kubwa kati ya maji kujaa na maji kupwa. Wakati wa bamvua tofauti hiyo hupita mita 3, wakati wa maji mafu hushuka hadi mita moja hivi. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Maji mafu huja katikati yake, mwezi ukiwa nusu.

Huhitaji chombo chochote cha kisasa kulijua hili. Kalenda yenye tarehe za Kiislamu inatosha. Tarehe 1 hadi 4 na 15 hadi 18 ni bamvua. Tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 25 ni maji mafu. Wavuvi wa Mafia huhesabu hivyo, na hesabu yao haitegemei mtandao.

Siku za bamvua maji hujaa kati ya saa 10 na saa 11, alfajiri na jioni. Hukupwa kati ya saa 4 na saa 5, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi yapata saa 4 au 5, na kukupwa alasiri. Kati ya hapo, kila siku maji huchelewa kwa kama dakika 50. Leo yakijaa saa 10:00 jioni, kesho tarajia saa 10:50, keshokutwa karibu saa 11:40.

Maana yake kwa likizo yako ni hii. Ukitaka kutembea kwenye mafungu ya mchanga yanayoibuka katikati ya bahari, kama Marimbani au Mange, fika siku za bamvua: fungu litatoka majini asubuhi, jua likiwa bado halijakomaa, na jioni utaogelea ufukweni maji yakiwa tele. Ukitaka kujifunza kupiga mbizi au kuogelea juu ya matumbawe kwa mara ya kwanza, fika siku za maji mafu. Mkondo wa maji kwenye mlango wa Kinasi, kati ya ghuba na bahari ya nje, huwa mkali sana wakati wa bamvua, na si mahali pa mwanafunzi.

Hata safari ya kwenda Juani au Chole hutegemea maji. Yakiwa yamekupwa, mashua haifiki pwani, mtashuka mbali na kutembea kwenye tope. Ndiyo maana nahodha wa Utende akiulizwa jioni, "Kesho twende saa ngapi, nahodha?", hataji saa mara moja. Atatazama mwezi, atahesabu vidole, kisha atasema, "Saa moja kamili muwe mmeshakunywa chai, maji hayatusubiri." Mfuate. Wageni wanaolazimisha saa yao hupoteza nusu ya siku.

Namna ya kufika

Njia ni mbili, na kila moja ina watu wake.

*Kwa ndege.* Ndege ndogo huondoka Dar es Salaam na kutua Kilindoni baada ya kama nusu saa. Uzito wa mzigo mara nyingi huwekewa kikomo cha kilo 15, na begi laini hupokelewa kwa urahisi kuliko sanduku gumu. Ukiweza, chagua kiti cha dirishani. Delta ya Rufiji ikionekana kutoka juu, mito ikijigawa ndani ya mikoko mpaka baharini, watoto wataelewa jiografia kuliko kwa kusoma kitabu mwaka mzima.

*Kwa barabara na maji.* Toka Mbagala, pita Mkuranga, kata kushoto Bungu kabla ya kufika mji wa Kibiti, teremka hadi bandari ya Nyamisati. Hapo utavuka kwenda Kilindoni kwa kivuko cha MV Kilindoni, kinachoendeshwa na wakala wa serikali, TEMESA, au kwa boti za watu binafsi. Tenga siku nzima kwa safari hii. Nyamisati iko ndani ya mkono wa delta, hivyo saa ya kuondoka hufuata maji na hubadilika. Piga simu kuuliza siku mbili kabla, uliza tena siku moja kabla, na uwe tayari kulala Nyamisati au Kibiti ikibidi.

Ukichagua njia ya maji, shika mambo matatu bila kulegeza. Panda chombo chenye jaketi okozi kwa kila abiria, na lako livae tangu mwanzo. Chombo kilichojaa kupita kiasi kiache kiende. Kesho kipo kingine. Na kabla ya kuondoka sikiliza utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ambao hutaja visiwa vya Mafia kwa jina. Wakitangaza upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, ahirisha. Nauli ya siku moja inalipika tena.

Kwa familia yenye watoto wadogo au wazee, ushauri wangu ni huu: fedha ikiruhusu njia moja tu kwa ndege, iwe ya kurudi. Kwenda kila mtu ana hamu na nguvu. Kurudi watoto wamechoka, na Jumatatu kuna shule.

Kilindoni au Utende?

Uamuzi wa mahali pa kulala unategemea mambo mawili, mfuko na shughuli.

Kilindoni kuna gesti za bei ya kawaida, soko, benki, hospitali ya wilaya, na mama lishe wanaopika samaki wa asubuhi hiyo. Boti za kwenda kumtazama potwe huondoka upande huu. Mtu wa bajeti ndogo anaweza kukaa hapa siku zote na kwenda Utende kwa bajaji au bodaboda. Barabara ni ya lami na safari haizidi nusu saa.

Utende ni kijiji cha hoteli na kambi za wapiga mbizi, ndani ya mipaka ya hifadhi. Bei ni za juu, lakini hoteli nyingi zina bei ya wakazi ambayo haitangazwi. Uliza kwa maneno hayo hayo: "Bei ya mkazi ni kiasi gani, na inajumuisha nini?" Uliza pia kama chakula cha jioni kimo, kwa sababu usiku Utende si mahali pa kutoka kutafuta chipsi.

Getini Utende kila anayeingia hifadhini hulipa ada, iwe anapiga mbizi au anakaa kivulini akisoma gazeti. Ada huhesabiwa kwa mtu kwa siku, na raia hulipa kwa shilingi kiasi kidogo sana kuliko mgeni wa nje. Beba kitambulisho chako cha taifa, maana bila hicho utapata shida kudai haki yako. Dai risiti ya serikali. Fedha hiyo ndiyo inayolipia doria zinazozuia baruti na makokoro.

Mpango mzuri wa siku tano ni kugawa: usiku mbili Kilindoni kwa ajili ya potwe na mji, usiku mbili Utende kwa ajili ya ghuba na visiwa.

Hesabu ya fedha

Panga bajeti kwa mafungu matano: usafiri, malazi, ada ya hifadhi, boti za matembezi, na chakula. Fungu la boti ndilo linalowashangaza watu. Boti hukodiwa yenyewe, haihesabu vichwa, hivyo wawili hulipa kiasi kile kile ambacho wanane wangegawana. Nendeni kwa kundi, au mwombe mwenye gesti awaunganishe na wageni wengine.

Kabla ya kutuma malipo ya awali, pata majibu ya maswali haya kwa maandishi: boti ina jaketi okozi ngapi? Miwani ya majini na mirija imo kwenye bei? Upepo ukizuia safari, fedha inarudi au inasogezwa siku nyingine? Anayejibu vizuri swali la tatu ndiye wa kufanya naye kazi.

Beba fedha taslimu za kutosha siku mbili. Mawakala wa fedha za simu wapo Kilindoni na vijijini, lakini mtandao na umeme hukatika. Ukivuka kwenda Juani au Jibondo, noti ndogo ndizo zinazofaa.

Kuogelea na potwe

Papa potwe ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani. Wanaoonekana Mafia wengi ni madume ambayo bado yanakua, urefu wa mita 5 hadi 8. Hula viumbe vidogo mno vinavyoelea majini, na hawana haja na binadamu. Watafiti waliowawekea vifaa vya kutoa ishara wamegundua kwamba baadhi yao hawaondoki Mafia mwaka mzima. Baada ya msimu husogea kwenye maji ya kina na kutoonekana juu.

Asubuhi boti hutoka Kilindoni na kwenda taratibu sambamba na pwani. Mtu mmoja husimama omoni akitafuta kivuli cheusi chini ya maji au ndege wanaorukaruka juu ya vidagaa. Akikiona, nahodha huzunguka mbele ya njia ya samaki, hupunguza mwendo, na kuashiria. Mnateleza majini kimya, bila kuruka. Kwa sekunde kadhaa huoni kitu, maji ni ya kijani. Kisha kinatokea kichwa kipana, bapa, mdomo ukiwa wazi kwa upana wa mlango. Mashavu yanafunguka na kujifunga, na madoa meupe yanapita mbele ya macho yako, safu kwa safu, hadi mkia. Madoa hayo nyuma ya mashavu hayafanani kwa samaki wawili, na watafiti huwatambua mmoja mmoja kwa hayo.

Kanuni zake ni chache na ni za lazima. Usimguse. Kaa mita 3 kutoka ubavuni na mita 4 kutoka mkiani, kwa sababu mkia huo una nguvu ya kumvunja mtu. Usimzibie njia. Usitumie mwanga wa kamera. Boti moja kwa samaki mmoja, na watu wachache majini kwa wakati mmoja. Tangu mwaka 2016 potwe ameorodheshwa kimataifa kuwa katika hatari ya kutoweka, kwa hiyo nahodha anayemfukuza samaki ili wateja wafurahi anakula mtaji wa kisiwa kizima. Mwambie asimame, na mwambie kwa heshima.

Kama hujui kuogelea, sema kabla ya kupanda boti. Wengi wetu wa bara hatujui, na kunyamaza kwa kuona haya kumeua watu. Vaa jaketi, shika kamba ya boti, au baki juu. Potwe akija karibu na uso wa maji utamwona vizuri ukiwa umekaa. Na kama una miezi mitatu kabla ya safari, jiandikishe kwenye bwawa mjini kwako, wewe na watoto. Hakuna maandalizi ya likizo ya kisiwani yenye faida kuliko hayo.

Visiwa vya kusini

*Chole* ni kidogo, hakina gari, na kinazungukika kwa miguu nusu siku. Hapa ndipo palipokuwa makao ya utawala kabla ya Wajerumani kuyahamishia Kilindoni mwaka 1913. Magofu yao na ya waliowatangulia yamekamatwa na mizizi ya miti mpaka ukuta na mti havitenganishiki. Kwenye miti mikubwa hulala popo wakubwa walao matunda, ambao ndugu zao wa jamii hiyo wako Comoro, na bara huwaoni. Jioni huruka kwa mamia kuvuka ghuba. Kaa pwani uwatazame, lakini usipige makofi wala kurusha mawe ili waruke mchana.

*Juani* kuna magofu ya Kua, mji wa Waswahili uliostawi kwa karne kadhaa mpaka ukaharibiwa na wavamizi Wasakalava kutoka Madagascar mwanzoni mwa karne ya 19. Misikiti, jumba la mtawala na makaburi vimo ndani ya kichaka cha mibuyu. Chukua kiongozi wa kijijini. Atakuonyesha njia, na atakusimulia hekaya ya uhasama wa Kua na Kisimani Mafia, mji mwingine wa kale ambao bahari imeula upande wa magharibi. Usichukue kigae wala kipande cha ukuta.

*Jibondo* ni kijiji cha wavuvi na mafundi wa majahazi. Fundi akiwa kazini, salimia, omba ruhusa, keti utazame. Kisiwa hiki kina shida ya maji matamu, basi nenda na maji yako ya kunywa na urudi na chupa zako.

Afya na usalama

Malaria ipo: lala ndani ya chandarua na beba dawa ya kujipaka. Jua la baharini huunguza ngozi nyeusi pia, hivyo shati la mikono mirefu ndani ya maji ni kinga bora kuliko mafuta peke yake. Kwenye maji ya kina kifupi vaa viatu vya plastiki. Matumbawe hukata na taa hujificha mchangani. Usikanyage matumbawe hata ukiwa na viatu, kwa maana ni viumbe hai na hukua polepole sana.

Mpiga mbizi asipande ndege siku aliyozama. Baada ya kuzama mara kadhaa, ngoja angalau saa 18, na walio makini hungoja saa 24. Kwa hiyo weka mbizi mwanzoni mwa likizo na matembezi ya magofu mwishoni.

Adabu za kisiwani

Wamafia wengi ni Waislamu na ni watu wa salamu. Shikamoo kwa wazee haikosekani, na haja yako huja baada ya salamu. Nguo za kuogelea ni za boti na ufukwe wa hoteli. Mjini na vijijini funika mabega na magoti, kanga moja inatosha. Ramadhani usile wala kunywa barabarani mchana, na waulize mapema wenyeji wako kuhusu chakula. Usipige watu picha bila idhini, hasa akina mama wanaofanya kazi pwani maji yakikupwa. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, beba kikapu.

Kuhusu chakula, kula cha hapo: pweza wa nazi, changu wa kupaka, wali wa nazi, vitumbua vya asubuhi. Nazi ni zao kuu la kisiwa, na kila sahani unayonunua kwa mama lishe inabaki Mafia.

Ratiba ya siku tano za bamvua, Desemba

Siku ya 1: fika Kilindoni, pumzika, tembea sokoni, kubaliana na nahodha.
Siku ya 2: potwe asubuhi na mapema; alasiri pumzika; jioni ogelea maji yakijaa.
Siku ya 3: fungu la mchanga asubuhi maji yakikupwa, jioni hamia Utende.
Siku ya 4: toka alfajiri maji yakiwa bado juu, nenda Juani na magofu ya Kua, pitia Chole, rudi na maji ya jioni na popo wakiruka.
Siku ya 5: siku ya akiba. Kama upepo uliwanyima kitu, kifanyeni leo asubuhi. Kama haukuwanyima, laleni.

Siku hiyo ya akiba usiiuze. Kisiwani upepo una haki yake, na familia isiyokuwa na siku ya akiba hurudi na kinyongo.

Boti nyingi za potwe hujaa wageni waliovuka mabara mawili kumwona samaki anayeishi mbele ya mlango wetu. Watoto wa Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma humwona kwenye simu. Wanastahili kumwona kwa macho yao, ndani ya maji ya kwao, kwa ada ya raia. Chukua kalenda, tafuta siku za bamvua za Desemba ijayo, zizungushie duara, na uanze kuweka akiba mwezi huu.